Maji ya Visima Saba

Mama aliposema anataka maji ya visima saba nilifurahi mpaka nikajionea haya, maana nyumba bado ilikuwa na msiba. Dada yangu alikuwa na siku arubaini na mbili kaburini, na katika siku zote hizo mama hakutaka kitu. Chakula alikula kwa kulazimishwa. Redio aliizima. Alilala kaukabili ukuta, na ukimwuliza jambo anakujibu kwa mkono. Halafu asubuhi moja, nikiwa sebuleni nashona pindo la kanga, nikasikia ananiita. Nikaitika naam, nikaiacha cherehani inazunguka, nikakimbilia chumbani.

"Nataka kukoga," alisema. "Lakini sitaki hayo maji ya bomba. Nenda kanichotee maji ya visima saba."

Inanipasa nieleze kwa nini neno hilo lilinitetemesha. Dada ndiye aliyekuwa akimkogesha mama. Magoti ya mama yameharibika siku nyingi, na sisi tunakaa ghorofa ya tano Michenzani, ambako maji hayapandi, basi ndoo hupandishwa kwa ngazi. Dada alizipandisha, akayapasha moto, akamkalisha mama kwenye kigoda chooni, akamwagia kwa kopo. Alipougua, aliugua siku tisa tu. Alipokufa niliingia kumkosha pamoja na mwanamke mkosha maiti wa mtaani kwetu. Yule mkosha alinipa kopo, akaniambia nimwage taratibu, upande wa kulia kwanza, nisiache mpaka aseme. Nikamwaga. Sikulia wala sikutetemeka, na waliosikia habari wakanisifu kwa moyo mgumu.

Siku ya nne baada ya maziko nilimwingiza mama chooni nimkogeshe. Nikachota maji, nikainua kopo juu ya bega lake, na mkono ukakataa. Siongezi chumvi. Mkono ulisimama hewani, maji yakanimwagikia mwenyewe. Nikajaribu tena, ikawa vilevile. Mama aligeuka akanitazama, akasema leo hana haja ya kukoga. Tangu hapo jirani yetu wa ghorofa ya nne alikuwa akija kumpangusa kwa kitambaa, na mama alimkubalia kama mtu anayekubali sindano. Mimi na yeye hatukulizungumza jambo hilo. Mimi si msemaji. Nilisoma mpaka kidato cha pili, na nina hakika wako walimu waliomaliza mwaka bila kuisikia sauti yangu.

Kwa hiyo mama kutaka kukoga, na kutaka maji hayo yachotwe na mimi, ilikuwa ni mlango. Nikawa sitaki ufungwe kabla sijapita.

Habari za maji ya visima saba nilikuwa nazisikia kwa wakubwa tangu utotoni. Ni maji ya mtu aliyeingiwa na majonzi au hofu. Lakini sikuwahi kuona yakifanywa. Mama alikaa kitako, jambo ambalo hakulifanya kwa wiki nyingi, akanipa masharti huku akihesabu kwa vidole. Visima viwe vya kuchota kwa mkono, si vya mashine. Kila kimoja kiwe na mwenyewe. Nisinunue, niombe. Na nikishaomba, nimwambie mwenye kisima maji haya ni ya nani na yamesababishwa na nini.

"Hilo la mwisho ndilo lenye dawa," akasema. "Ukichota kimyakimya unachota maji tu."

Nilitafuta chupa saba za lita moja na nusu, nikazibandua karatasi, nikazikosha, na kila moja nikaifunga uzi wa rangi yake shingoni. Uzi ndicho kitu ninachokuwa nacho kwa wingi.

Kisima cha kwanza kilikuwa Kikwajuni, uani kwa mama mmoja anayeuza urojo. Nilimkuta anamenya mbatata. Nikamwamkia, nikamwomba maji, akaniuliza ya nini, nikasema ya mama. Akanionesha kamba kwa kisu. Nikachota, nikarudi nyumbani karibu kwa kukimbia, nikapanda ngazi zote bila kupumzika.

"Ulimwambia nini?" mama aliuliza.

"Nilimwambia ni ya mama."

"Ya mama ya nini? Ya kupikia wali?"

"Ya mama tu."

Aliipokea chupa, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia. "Hujachota kitu. Rudi."

Nikarudi Kikwajuni. Yule muuza urojo aliponiona alicheka, akaniuliza kama huyo mama yangu ni ng'ombe, chupa nzima keshaimaliza. Nikayamwaga maji ya kwanza kwenye mchanga. Nilitaka kuyasema maneno vizuri lakini yalitoka yote kwa pamoja, kwamba dada yangu amekufa, mama hataki kukoga, na mimi nikiinua kopo mkono hauendi. Akaacha kucheka. Kisu akakiweka juu ya mbatata.

"Sasa asubuhi si ungesema," alinambia. "Mimi nnakaa hapa nnakutania."

Akasimama pembeni yangu mpaka chupa ikajaa, akaipangusa kwa ncha ya kanga yake, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nilipotoka pale nilikuwa natembea haraka. Nilikuwa nimelisema neno lile kwa mtu nisiyemjua, mchana, na hakuna kilichoanguka. Watu walikuwa wanapita na mikoba yao ya samaki. Nilipofika nyumbani mama hakuuliza tena nilisema nini. Aliniangalia usoni, akasema, "Hicho kimoja."

Siku zilizofuata zilikuwa za ajabu kwangu. Nilikuwa naamka kabla ya adhana kwa hamu. Nilikwenda Bububu, Mahonda, na ndani huko Donge. Fuoni nilikwenda kwa mwanamke aliyewahi kufanya kazi pamoja na dada, nikakuta hajapata habari. Nilikwenda kuomba maji, nikajikuta mimi ndiye mleta msiba. Alilia kakaa ukingoni mwa kisima, mimi nimeshika kamba kwa mkono mmoja na bega lake kwa mwingine, naogopa wote wawili tusitumbukie.

Jioni nikirudi mama alitaka kila kitu. Nilimkuta nani, alikuwa anafanya nini, kisima kina kina gani, maji yana ladha gani, alisema nini nilipomwambia. Mimi niliyekuwa na maneno kumi kwa siku nilikuwa nasimulia mpaka sauti inakauka. Mama alikula. Siku ya Fuoni alimaliza wali wote na mchuzi wa pweza, akauliza kama umebaki. Jirani wa ghorofa ya nne, aliyekuwa akija kukaa naye ninapotoka, alinambia kwa siri kwamba mama mchana kutwa anauliza saa.

Kisima cha sita kilikuwa Mji Mkongwe, ndani ya nyumba ya zamani yenye ua katikati, ya mzee mmoja aliyekuwa fundi saa. Babu zake walitoka Arabuni wakaijenga nyumba ile, na sasa yeye anakaa vyumba viwili vya chini, juu pote wapangaji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa kuitazama midomo yangu. Nikaanza kueleza. Akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sauti, mwanangu," akasema. "Masikio haya yamebaki pambo."

Nikapandisha sauti. Akatikisa kichwa. Nikapandisha zaidi. Akanisogelea, akatikisa kichwa tena, kwa huruma, kama vile kosa ni lake. Nilifikiria kuondoka. Sharti lilikuwa nimwambie, na kumwambia mtu asiyesikia si kumwambia. Nikavuta pumzi nikapiga ukelele.

"Dada yangu amekufa! Mama hakogi! Na mimi naogopa kumwagia maji!"

Nyumba za mawe zinarudisha sauti. Maneno yangu yalipanda mpaka juu kwenye mabati yakarudi. Dirisha la ghorofa ya kwanza likafunguka, akachungulia mwanamke mwenye nywele zilizosukwa upande mmoja.

"Innalillahi," akasema mzee, kwa upole, yeye. "Alikuwa na umri gani?"

Nikapiga ukelele umri wake. Akauliza aliugua nini. Nikapiga ukelele maradhi, na siku tisa, na hospitali, na kwamba niliingia kumkosha mimi mwenyewe. Dirisha la pili likafunguka. Mwanamke mwingine, sikumwona uso, akauliza kutoka juu kama huyo mama anakula. Nikamjibu kwa ukelele uleule, kwa kuwa nilikuwa nimesahau kuushusha, kwamba sasa anakula. Akaniagiza nimpe uji wa pilipili manga. Yule wa nywele nusu akambishia, akasema pilipili manga inapandisha presha. Wakaanza kubishana juu ya kichwa changu. Hapo ndipo nilipohisi kidevu changu kimerowa. Nilikuwa nalia, na sijui nilianza wakati gani. Siku arubaini na zaidi sikulia mbele ya ndugu zangu, nikalia kwenye ua wa watu, nimeshika chupa tupu.

Kisima kilikuwa na mfuniko wa mbao na juu yake vyungu viwili vya mrihani. Tukaviondoa. Mzee alinambia nimebahatika, kwani asubuhi anasafiri kwenda Dar kwa mwanawe kutazamwa macho, na funguo anaondoka nazo. Maji yalikuwa baridi na yana chumvichumvi kama maji mengi ya mjini. Ile chupa ilikuwa ya uzi mweupe, nikaibeba kifuani mpaka Michenzani. Mama niliposimulia habari ya ukelele alinitaka nirudie mara tatu.

Ikabaki Mkokotoni, alikozaliwa yeye. Nilikwenda Alhamisi, kwa sababu mama alishaamua atakoga Ijumaa asubuhi. Kisima chenyewe kiko nyuma ya nyumba za jamaa zake wa mbali. Nikamkuta bibi mmoja wa rika la mama, na alipojua mimi ni mtoto wa nani alinipiga mgongoni kwa nguvu. Walikuwa wakichota pamoja walipokuwa wasichana. Nilimweleza yote, na safari hii sikuhitaji kujikaza, maneno yalikuja yenyewe. Aliniombea dua. Halafu akanambia nimfikishie mama salamu, nimwambie ndoo yake aliyomtupia kisimani bado imo humo na yeye bado anaidai. Nilicheka njia nzima kurudi mjini.

Nilifika nyumbani baada ya alasiri. Jirani alinipokea mlangoni akiwa na kikombe mkononi, akanambia kaa unywe chai, umechoka. Nilipeleka chupa ya Mkokotoni jikoni nikaiweke na wenzake chini ya meza. Nikaona chupa ya uzi mweupe imesimama juu ya meza. Tupu.

Jirani hakuwa na kosa. Maji ya bomba siku ile hayakuja hata chini, ndoo zetu zilikwisha, na mama akataka chai. Kaona chupa safi zimepangwa na nyuzi za kupendeza, kasema hapa mwenye nyumba kaweka maji yake ya kunywa, kachukua ya mbele. Habari ya visima aliijua, lakini alidhani maji ya dawa yanawekwa chumbani kwa mgonjwa, hayawekwi jikoni karibu na masufuria. Mtu mwingine yeyote angedhani hivyo.

"Na chai yenyewe ilikuwa na chumvi," alisema, macho yamemtoka. "Mama yako kalalamika. Lakini kanywa vikombe viwili."

Tulikaa kwenye sakafu ya jiko, mimi na yeye, tunanong'ona. Nyumba ya Mji Mkongwe ilikuwa imefungwa na mzee yuko Dar. Kutafuta kisima kingine jioni ile nisingeweza, miguu ilikuwa haina nguvu, na kule chumbani mama alikuwa anaita kuuliza habari za Mkokotoni, keshatoa kanga mpya ya kubadilisha asubuhi. Niliogopa kumwambia subiri. Nilikuwa nimeona mtu anaweza kulala ubavu mmoja kwa siku arubaini na mbili. Jirani akashuka kwake, akarudi na jagi la maji ya bomba aliyoyaweka tangu juzi. Akasema maji ni maji, Mungu mmoja, nani atajua. Nikashika chupa, naye akamimina. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sikumzuia.

Usiku ule nilimsimulia mama Mkokotoni, lakini nikamsimulia vibaya, naruka mambo. Akadhani nimechoka.

Ijumaa asubuhi nilimkalisha kwenye kigoda chooni, nikaweka ndoo, nikapanga chupa saba ukutani. Mama alisema nisiyapashe moto, maji ya visima hutiwa yalivyo. Akataka nimimine moja moja kwenye ndoo huku nikimtajia. Nikamimina ya uzi mwekundu, nikasema Kikwajuni, kwa muuza urojo. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Bububu. Mahonda. Donge. Fuoni. Nilipomimina ya Mkokotoni nikampa salamu za ndoo.

"Mwongo yule," mama alisema. "Kaitumbukiza mwenyewe. Mie nilikuwa nnamchunga nyanyake asimwone." Alikuwa anatabasamu. "Haya. Na mweupe? Huyo mzee kiziwi ndiye nnayemngojea."

Niliishika chupa ya uzi mweupe. Nikaifungua. Nilikuwa na maneno tayari, Mji Mkongwe, kwa fundi saa, maneno matano tu. Hayakutoka. Nilikuwa nimekwenda kwa watu saba nikawaambia kweli, na wengine niliwapigia ukelele, na sasa aliyebaki kudanganywa ni mama peke yake, uchi wa mabega, kajifunga kanga kifuani, ananingoja.

"Mama, haya ni ya bomba," nikasema.

Nikamweleza. Sufuria, chai, jagi, na kwamba nilishika chupa mwenyewe. Alipokuwa ananisikiliza aliangalia maji kwenye ndoo. Nilipomaliza nilihisi mlango ule unafungwa taratibu mbele ya macho yangu. Nikangoja aniambie nimrudishe kitandani.

"Ndiyo ile chai ya jana yenye chumvi?" akauliza.

"Ndiyo."

"Nilikunywa vikombe vingapi?"

"Jirani kasema viwili."

"Vitatu. Cha tatu nilijimiminia mwenyewe, yeye kaja kukupokea mlangoni." Mabega yalianza kumtikisika. Nilidhani analia, nikainama kumtazama, kumbe anacheka, anacheka bila sauti, kashika magoti. "Basi kisima cha mzee wako nshakoga kwa ndani. Mwaga hayo ya bomba. Haya ya ndoo nitie nje."

Nikayamwaga ya bomba. Nikachukua kopo, nikachota, nikainua.

Sitasema mkono ulikuwa umepona. Kopo liligongagonga ukingo wa ndoo. Lakini mkono ulikwenda. Niliinamisha kopo juu ya bega lake la kulia, maji yakashuka kama uzi, kidogo kidogo, na mimi nikawa nahesabu pumzi zangu, nangoja kuambiwa niache.

Mama akageuza shingo.

"Mbona unamwaga hivyo?" akasema. "Mie si maiti, mwanangu. Mwaga."

Nikachota kopo tele, nikamtia kichwani. Akashtuka kwa baridi, akakohoa, akapangusa macho, akasema ndivyo. Nikamtia mgongoni. Nikamtia bega la kushoto, kulia, kushoto tena, bila mpango, maji yanaruka ukutani na kwenye nguo zangu, na mama anatoa amri, huku, siyo huko, sabuni, chini ya kwapa, unaniingizia masikioni. Sasa tulikuwa tunalia wote wawili. Tulilia kwa sauti, wala hatukuacha kazi. Alimtaja dada kwa jina lake, mara ya kwanza tangu azikwe, akasema kwamba dada alikuwa na mikono mizito, alikuwa anasugua kama anasugua sufuria. Nikamwambia mimi nitasugua polepole. Akasema hapana, nisugue vivyo hivyo.

Maji ya visima sita yalikwisha. Nilimpangusa, nikamfunga kanga yake mpya, nikamkalisha kitandani na nywele zinadondoka. Alinukia sabuni. Mimi nilikuwa nimerowa kuanzia ushungi mpaka miguuni, nimesimama katikati ya chumba, na mwili wote unanichemka kama nimetoka kushinda mashindano.

"Na kesho?" nikamwuliza. "Nikatafute visima vingine?"

"Kesho ya bomba," akasema. "Lakini uyapashe moto. Haya nusura yaniue."

Nikashuka ngazi na ndoo mbili, kwenda kuona kama yamekuja.